Tunafundisha QGIS Mafinga: je, cheti chetu kinahitaji kibali cha nani?

"Kamwene mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tuna kituo kidogo hapa Mafinga, kompyuta 12. Jina la biashara tumesajili BRELA, TIN tunayo. Tangu mwaka jana tunafundisha QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, kwa vijana na kwa watu wenye mashamba ya miti, kozi ya wiki tatu, mtu analipa laki moja na nusu, na mwisho tunampa cheti. Sasa kuna bwana mmoja hapa mjini anapita akisema vyeti vyetu ni feki kwa sababu hatuna kibali cha wenye QGIS huko Ulaya, na kwamba tunaweza kushitakiwa. Mwingine anatuambia programu ni ya bure, hakuna sheria yoyote, tuweke nembo na tuchape vyeti tunavyotaka. Juzi kampuni moja ya mbao imekataa cheti cha mwanafunzi wetu, ikamwambia alete kinachotambulika. Tufanye nini ili cheti chetu kitambulike? Tuombe wapi, na itatugharimu kiasi gani?"

Kamwene, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake yamo maswali matatu yaliyofungwa kamba moja kama mzigo wa kuni. La kwanza, mnaruhusiwa kufundisha programu hii? La pili, mnaruhusiwa kuendesha mafunzo na kutoza ada? La tatu, nani ataiamini karatasi mnayotoa? Huyo bwana anayewatisha amechukua jibu la swali la tatu akalibandika kwenye la kwanza. Yule anayesema "ni ya bure" amechukua jibu la kwanza akalibandika kwenye la pili. Ukiwasikiliza wote wawili, utalala na hofu isiyo na sababu na utaamka na kosa ambalo hukujua umelifanya.

Nianze na hofu, kwa sababu ndiyo rahisi kuiondoa. QGIS si mali ya kampuni. Ilianza mwaka 2002 kwa kazi ya Gary Sherman, na leo inatunzwa na jumuiya ya watu wa nchi nyingi. Inatolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo inampa kila mtu ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza inavyofanya kazi, kuigawa kwa wengine, na kuibadilisha. Leseni hiyo haimuulizi mtu kama anafundisha bure au kwa laki moja na nusu. Mkiweka programu kwenye flashi mkampa kila mwanafunzi aende nayo nyumbani, mko sawa. Mkibadilisha msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, kisha mkaigawa hiyo mliyoibadilisha, leseni inawataka mtoe na msimbo wenu pia. Sidhani kama mmefika huko.

Hata vitabu vya mafunzo vya mradi huo viko wazi. Mwongozo wake umetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, kuchapa na kutafsiri, kwa masharti mawili: mtaje ulikotoka, na mkiurekebisha mtoe toleo lenu kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo mkiutafsiri kwa Kiswahili, msiandike kwenye jalada kwamba haki zote ni za kituo chenu. Nimeyaona makabrasha ya namna hiyo yakiuzwa steshenari. Mtu amechukua kazi ya wenzake iliyo wazi akaitia kufuli.

Kwa hiyo hakuna kibali cha kufundisha QGIS, si Ulaya wala kwingineko. Mnachopaswa kukiheshimu ni jina na nembo, na hapa yule rafiki yenu wa pili ndiye anayewapotosha. Leseni ya programu na alama ya utambulisho ni vitu viwili tofauti. Mtu yeyote wa Njombe anaweza kulima viazi mbegu ileile ya jirani yake na kuvipeleka sokoni. Hawezi kuchapa jina la jirani kwenye gunia, mnunuzi akaamini vimetoka shamba lile. Programu zenyewe zinatofautiana sana kwa ukali katika hili. Moodle, ambayo vyuo vingi vinaitumia kwa masomo ya mtandaoni, msimbo wake nao ni wa GPL, lakini jina lake ni alama ya biashara, na kuuza mafunzo au huduma kwa kulitumia jina hilo kunahitaji ruhusa ya wenyewe. Kampuni ya Red Hat nayo imejengwa juu ya Linux, mfumo huria kabisa wa kuendeshea kompyuta, ila vitabu vyake vya kozi vina hakimiliki na huruhusiwi kuvitoa kopi. Mkija kuongeza kozi, someni masharti ya kila programu peke yake. Neno "huria" halijibu yote.

Kwa cheti chenu nawashauri hivi. Kuandika "amehudhuria na kufaulu kozi ya matumizi ya QGIS iliyoendeshwa na" halafu jina la kituo chenu, ni kusema ukweli, na ukweli hauna shida. Kuandika "Cheti cha QGIS" kwa herufi kubwa na kuweka nembo yake juu, pale ambapo vyeti vya shule huwekwa ngao ya taifa, ni kumfanya msomaji aamini kwamba mradi wenyewe umemthibitisha mwanafunzi. Hilo nalijua kwa sababu nililifanya. Vyeti vyangu vya mwanzo vilikuwa na nembo kubwa kuliko jina la mwanafunzi, nami nikiviona vimependeza. Siku ya kuvigawa, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kimya wiki nzima aliniuliza: "Mwalimu, tukipiga simu huko kwao, watatukuta kwenye daftari?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikaifuta nembo.

Swali la pili ndilo lenye uzito wa kisheria, na ajabu ni kwamba wote wawili wanaowashauri wamelipita. BRELA imesajili jina lenu la biashara. TIN inawafanya mjulikane kwa kodi. Leseni ya biashara ya halmashauri inawaruhusu kufungua mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema ninyi ni watoa mafunzo. Mafunzo ya ufundi na ufundi stadi nchini yanasimamiwa na NACTVET, baraza lililoanza kama NACTE kwa sheria ya mwaka 1997 na kuongezewa eneo la ufundi stadi kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Watu wengi wa mtaani bado watawaambia "nendeni VETA", kwa sababu kwa miaka mingi, tangu sheria ya mwaka 1994, usajili wa ufundi stadi ulikuwa huko. Siku hizi VETA wanaendesha vyuo vyao, na usajili uko kwenye baraza.

Je, kozi ya wiki tatu kwenye chumba chenye kompyuta 12 inahesabika kuwa chuo? Huo mstari usiuchore wewe, wala nisiuchore mimi nikiwa kwenye kiti changu. Kuendesha chuo bila usajili ni kosa, na hoja ya "sisi tulidhani ni semina tu" haina nguvu mtu akishalalamika. Kwenu mlalamikaji tayari yupo. NACTVET ina ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya. Panda basi la asubuhi, uende mwenyewe, usimtume mtu. Beba mtaala wenu hata kama ni kurasa sita, wasifu wa wakufunzi, picha za chumba, cheti cha BRELA, na nakala ya cheti mnachotoa. Waulize kwa barua: kozi yetu iko hivi, inadumu siku hizi, ada yake hii, je tunapaswa kusajiliwa katika ngazi gani? Ombeni mjibiwe kwa barua pia. Barua hiyo itawasaidia kuliko maneno kumi ya afisa mkarimu mliyekutana naye koridoni. Na gharama za usajili mtatajiwa palepale, kulingana na ngazi watakayowapangia.

Wakati mnasubiri, kuna maneno ya kuyakwepa kwenye tangazo na kwenye cheti. Msiandike astashahada wala stashahada, kwa sababu hayo ni majina ya ngazi za kitaifa na yana mtaala na mitihani yake. Msijiite "chuo" kabla hamjaambiwa ni chuo. "Kituo" kinatosha. Na kwa kuwa mnatunza daftari lenye namba za simu na pengine kopi za vitambulisho vya NIDA, jueni kwamba sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hilo halina haraka kama la Mbeya, ila msilisahau.

Sasa cheti cha mradi wenyewe, maana kipo kweli, na huenda ndicho kilichosikika nusunusu na huyo bwana. Mradi wa QGIS una mpango wa kutambua mashirika yanayofundisha. Shirika linaomba, linaonyesha kozi zake na mchango wake kwa mradi, na likikubaliwa linaruhusiwa kutoa cheti chenye jina la QGIS kwa wanafunzi wake. Kwa kila cheti shirika linalipa yuro 20 zinazokwenda kwenye mfuko wa mradi. Mradi hautungi mtihani mmoja wa dunia nzima. Unachofanya ni kulikubali shirika, kisha shirika ndilo linalomdhamini mwanafunzi.

Tazama sharti la mchango, kwa sababu ndilo lenye maana kuliko fedha. Hawaangalii ukubwa wa jengo. Wanataka shirika ambalo nalo limeweka mkono: limerekebisha msimbo, limeandika au kutafsiri mwongozo, limeripoti hitilafu kwa namna inayoweza kufuatiliwa, limetoa vifaa vyake vya kufundishia ili wengine wavitumie. Ni kama msaragambo wa kijiji. Huwezi kuja siku ya kula ukaomba kuketi na waliochimba mtaro. Kwa kituo cha Mafinga mlango mwepesi naouona ni Kiswahili. Ninyi kila siku mnatafuta namna ya kumweleza mkulima wa milingoti maana ya tabaka la ramani na mfumo wa majira, yaani namba zinazotaja mahali. Hayo maneno mnayotumia darasani yaandikeni, yapelekeni kwenye tafsiri ya mradi. Wala msidhani jumuiya hiyo iko Ulaya tu. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, na kazi ya Ramani Huria ya kuchora mitaa ya jiji hilo ilikuwa imeshajulikana kabla ya hapo. Watanzania wanaofahamika ndani ya miradi hii wapo, na ni watu wa kuandikiwa ujumbe na wakajibu.

Je, niwashauri muombe sasa hivi? Hapana, bado. Yuro 20 ni zaidi ya shilingi elfu hamsini, yaani zaidi ya theluthi ya ada yenu kwa kila mwanafunzi. Mkiiongeza juu ya ada, mtapoteza wale vijana wanaolipa kwa awamu. Mkiibeba wenyewe, umeme wa mwezi mtaulipa na nini? Halafu jiulizeni: huyo afisa wa kampuni ya mbao aliyemrudisha mwanafunzi wenu ameshawahi kuona cheti cha mradi wa QGIS? Huenda hakijui. Cheti cha nje kinasaidia pale anayekipokea anakijua, kwa mfano mtu anapoomba kazi kwenye shirika la kimataifa. Kwa hao, mnaweza baadaye kumpa mwanafunzi hiari: anayekitaka alipie nyongeza.

Kuna njia nyingine ambayo baadhi ya miradi huria huitumia, ya kutenganisha kabisa kufundisha na kutahini. Linux Professional Institute, yenye makao Kanada tangu 1999, hufanya hivyo. Yeyote anaweza kumfundisha mtu Linux, hata mjomba wake jikoni, na mtihani anakwenda kuufanya mwenyewe mahali penye usimamizi. Cheti cha LPIC-1 kinataka mitihani miwili na kinadumu miaka 5, kile cha wanaoanza, Linux Essentials, hakiishi muda. Mkiongeza kozi ya seva siku moja, huo ndio mfumo ningeuchagua, kwa sababu hakuna atakayeuliza kama mkufunzi alimpendelea mwanafunzi wake.

Nirudi kwa kampuni iliyokataa. Naomba uende kuwauliza, kwa upole, walimaanisha nini na "kinachotambulika". Mara nyingi mtu akisema hivyo anamaanisha: nilishaumwa. Mimi mwenyewe nilishaumwa. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kijana huko Mufindi, cheti chake kimepigwa plastiki, kingo za dhahabu, mhuri mwekundu. Nikampa pointi tisa za GPS za kona za shamba la mipaini, pamoja na ramani ya zamani ya serikali ya skeli ya 1:50,000 iliyoskaniwa. Akaziweka pamoja kwa haraka ya kupendeza. Shamba likaangukia ng'ambo ya mto. Akaniangalia, akasema GPS ni mbovu.

GPS ilikuwa nzima. Ramani zile za zamani zilichorwa kwa mfumo wa majira wa Arc 1960, wakati simu na GPS husoma WGS 84, na kwa nchi yetu tofauti ya mifumo hiyo miwili inasogeza kitu yapata mita 300, kaskazini au kusini. Ndani ya QGIS dawa yake ni kuchagua namba ya kila mfumo: 21036 kwa ramani ya zamani, 32736 kwa pointi za GPS zilizoandikwa kwa UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita), na programu inapatanisha yenyewe. Na mkoa wenu una mtego wa pili. Nyuzi 36 mashariki, mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 za UTM, hupita mashariki kidogo ya Iringa mjini. Mafinga iko 36. Mkishuka kuelekea Ruaha Mbuyuni mmeshaingia 37, na kijana aliyekariri namba moja tu atawachorea shamba mahali lisipokuwapo.

Hicho ndicho cheti kinapaswa kudhamini. Kwa hiyo kabla ya kutafuta nembo ya mtu, wekeni mtihani wa vitendo wa saa tatu: pointi halisi, ramani ya zamani, eneo lihesabiwe kwa hekta, ramani ichapwe ikiwa na skeli na kaskazini. Asiyeweza apewe karatasi ya kuhudhuria tu, na arudi bila kulipa tena. Anayeweza, nyuma ya cheti chake iandikwe kwa mistari minne alichofanya, na mbele kiwe na namba na simu ya kituo ya kuthibitishia. Mpelekeeni afisa wa kampuni ramani ya mwanafunzi pamoja na cheti. Mtu wa mbao anajua ukubwa wa shamba lake, akiona hekta zimekaa sawa atawasikiliza.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote uliyoyauliza, nawe hukulitaja. Wanafunzi wenu wakitoka hapo, watu watawaita "wapimaji". Kuchora ramani ya shamba ili mwenyewe ajue ana miche mingapi ni jambo moja. Kupima kwa ajili ya hati ni kazi ya wapima ardhi waliosajiliwa. Hata hatimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zina utaratibu wake. Mradi wa MAST, ulioanzia vijiji vya Iringa Vijijini, uliwafundisha vijana wa kijiji kuchukua mipaka kwa simu, lakini mipaka ilihakikiwa na majirani wakiwa wamesimama pale shambani, na hati zikapitia ofisi ya ardhi ya wilaya. Kijana wenu akienda peke yake na simu, akamchorea mtu "hati" yenye jina la kituo chenu chini, mgogoro wa ardhi utakuja na jina hilo hadi baraza la ardhi. Waambieni siku ya kwanza, warudieni siku ya mwisho, na kwenye cheti ongezeni mstari kwamba hakimpi mtu sifa ya mpima ardhi. Nendeni pia kwa afisa ardhi wa wilaya mjitambulishe.

Kuhusu kushitakiwa: mkipokea barua rasmi ya madai, kutoka kwa yeyote, msiijibu kwa WhatsApp. Mpelekeeni wakili barua yenyewe, pamoja na kopi za vyeti. Maneno ya mtaani ya huyo bwana si barua, yaacheni.

Vile vyeti ambavyo tayari mmevitoa vikiwa na nembo kubwa, kama vipo, wapigieni simu wenyewe wavirudishe, mchape vipya kwa maneno niliyokutajia, bila kuwatoza. Anza na yule aliyerudishwa na kampuni. Mfanyishe mtihani wa saa tatu kwanza.